Ubongo Umepigwa Picha, Ugonjwa Haujapata Jina

Kila Jumapili soko la Kibuye mjini Kisumu hufurika watu kutoka pande zote za ukanda wa ziwa. Humo huuzwa mitumba, omena, samaki wa kubanikwa, vyungu, kuku na samani. Chukua mfano wa mchuuzi wa mitumba ambaye kwa miaka kumi amejulikana kwa kutokubali kupunguza bei hata kwa shilingi tano. Ghafla, kwa muda wa siku tisa mfululizo, halali zaidi ya saa mbili usiku. Anazungumza bila kituo. Anagawa nguo bure, anakopa fedha za kununulia marobota yasiyoweza kuenea kibandani mwake, na anawatangazia wenzake kwamba ataijenga Kibuye yote upya kwa ghorofa. Wenzake wanacheka, kisha wanaogopa. Baada ya miezi miwili mchuuzi yuyo huyo hawezi kuinuka kitandani, haogi, na chakula kwake ni kama majivu. Jirani anasema amerogwa. Mama mkwe anasema ni chira, kwamba kuna mwiko uliovunjwa. Mwanawe aliye chuoni anasema, "Na apelekwe akapigwe picha ya kichwa, ionekane kilichoharibika."

Mfano huu ni wa kubuni. Imani iliyomo katika kauli ya huyo mwana, hata hivyo, si ya kubuni. Husikika sokoni, kanisani na hata katika kumbi za mihadhara. Ni imani kwamba mashine imekwisha kufika mahali ambapo maneno hayakufika, na kwamba picha ya ubongo itakata ubishi kati ya daktari, mganga na mchungaji. Makala haya yanashikilia msimamo tofauti. Picha ya ubongo ni chombo cha thamani katika utafiti wa kuyumba kwa hisia, lakini kwa sasa haina uwezo wa kumwambia mtu mmoja kwamba anaugua maradhi haya au haugui. Isitoshe, hata inapotumika katika utafiti, husimama juu ya maneno ambayo mgonjwa ameulizwa na maneno aliyojibu. Kwa mgonjwa wa Kibuye, maneno hayo ni ya Kiswahili na ya Kidholuo. Basi suala hili, ambalo wengi wangependa kuliachia kitivo cha tiba, linabisha hodi katika idara za Kiswahili pia.

Ugonjwa wenyewe huitwa na wataalamu baipola, yaani ugonjwa wenye ncha mbili. Mjerumani Emil Kraepelin ndiye aliyeutenga waziwazi na magonjwa mengine makuu ya akili mwaka 1899. Ncha ya kwanza ni ya mhemko wa kupita kiasi, ambao kwa vigezo vinavyotumiwa na madaktari wengi hupaswa kudumu kwa siku 7 au zaidi. Ya pili ni ya huzuni nzito, inayodumu kwa majuma 2 au zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 ulimwenguni waliishi na ugonjwa huu. Baina ya ncha hizo mbili mgonjwa huweza kuonekana mzima kabisa, ingawa wengi huendelea kuyumba kidogo kidogo, leo juu, kesho chini, kwa kiasi kisichotosha kuitwa kipindi cha ugonjwa lakini kinachotosha kuvunja ndoa au biashara. Ni kuyumba huku kwa kila siku ambako watafiti wa ubongo wamekuwa wakikufuatia kwa bidii katika miaka ya karibuni.

Yafaa kujua mashine huona nini. Afrika ina mkono wake katika historia hii: Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kulifikiria tatizo la kupiga picha ndani ya mwili alipokuwa akifanya kazi Cape Town katika miaka ya 1950, na mwaka 1979 alishiriki Tuzo ya Nobel na Mwingereza Godfrey Hounsfield, ambaye mashine yake ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza mwaka 1971. Picha za namna hiyo huonyesha umbo la ubongo: uvimbe, damu iliyovia, jeraha. Baadaye zikaja mashine za sumaku, zile za MRI, na kuanzia mwaka 1990 Mjapani Seiji Ogawa na wenzake wakaonyesha kwamba sumaku inaweza kufuatilia pia mabadiliko ya oksijeni katika damu ya ubongo unaofanya kazi. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Sehemu inayojitahidi huletewa damu zaidi, na sumaku huitambua tofauti hiyo.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mashine haioni huzuni. Haioni wazo. Inaona damu, na damu yenyewe huchelewa kwa sekunde tano au sita baada ya chembe za ubongo kufanya kazi yake. Zile rangi nyekundu na za manjano zinazopendeza magazetini hazimo ubongoni hata kidogo. Ni rangi zinazopakwa na kompyuta juu ya hesabu za takwimu. Kuna kisa ambacho wauzaji samaki wa Kibuye wangekifurahia. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake, huko Marekani, walimwingiza samaki aina ya salmon katika mashine ya sumaku, wakamwonyesha picha za watu na "kumtaka" aseme watu hao wana hisia gani. Samaki huyo alikuwa mfu. Hata hivyo, hesabu zilipofanywa bila uangalifu, zilionyesha vijisehemu vya ubongo wake "vikifanya kazi". Watafiti hao hawakuwa wakitania tu. Picha moja hugawanywa katika visanduku vidogo maelfu kwa maelfu, na anayelinganisha kila kisanduku bila kusahihisha hesabu zake hakosi kuona vichache vinavyowaka kwa bahati nasibu. Walikuwa wakiwaonya wenzao.

Pamoja na onyo hilo, kuna mambo yaliyothibitika kwa kiasi. Ndani ya ubongo kuna kiungo kidogo kiitwacho amigdala, jina la Kigiriki lenye maana ya lozi, kinachohusika na hofu na mihemko mingine. Nyuma ya paji la uso kuna sehemu ya gamba la ubongo inayosaidia kuituliza mihemko hiyo. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kwa watu wenye baipola, hasa wakiwa katika mhemko, mapatano baina ya sehemu hizi mbili hulegea. Mwaka 2018 kundi la kimataifa liitwalo ENIGMA lilichapisha ulinganisho wa picha za wagonjwa 2,447 na watu wasio wagonjwa 4,056. Gamba la ubongo la wagonjwa lilikuwa jembamba zaidi katika sehemu za mbele, za kando na za juu, na wale waliokuwa wakitumia dawa ya lithiamu walikuwa na gamba nene zaidi kuliko wasioitumia. Ni matokeo ya kuheshimiwa. Lakini ni matokeo ya wastani wa makundi. Wagonjwa wengi wana gamba nene kuliko wazima wengi, na kinyume chake. Watafiti wa kundi hilohilo walipoifunza kompyuta kutofautisha picha ya mgonjwa na ya asiye mgonjwa, kwa kutumia watu 3,020, ilipatia kwa takriban asilimia 65. Anayerusha sarafu hupatia 50.

Madhara ya kutoyajua haya si ya nadharia. Familia ikichanga fedha, ikauza ng'ombe, ikampeleka yule mchuuzi akapigwe picha, kuna uwezekano mkubwa kwamba taarifa itarudi ikisema hakuna kasoro iliyoonekana. Daktari anajua maana yake: hakuna uvimbe, hakuna damu iliyovia, na ni kwa ajili ya kuyaondoa mashaka hayo ndipo picha huagizwa. Nyumbani, hata hivyo, taarifa hiyo husomwa vingine. "Picha ni safi" hugeuka kuwa "hana ugonjwa", na "hana ugonjwa" hugeuka kuwa "anajifanya" au "ni mapepo". Dawa hutupwa. Ikumbukwe kwamba lithiamu, ambayo hadi leo ni miongoni mwa dawa zinazotegemewa zaidi dhidi ya maradhi haya, ilitambuliwa na Mwaustralia John Cade mwaka 1949, miaka mingi kabla ya mashine yoyote kati ya hizi kuwako, na anayeitumia huhitaji kupimwa damu mara kwa mara, si kupigwa picha ya kichwa.

Kuna tatizo jingine, la wakati. Mtu hukaa ndani ya mashine kwa muda usiofika saa moja, ilhali kuyumba kwa hisia ni jambo la siku na majuma. Wanaoishi kando ya Ziwa Viktoria wanajua kwamba maji yaliyotulia kama kioo alasiri yanaweza kuleta tufani usiku wa manane. Picha moja ya alasiri haiwezi kumwambia mvuvi kitu. Ili kuvuka kikwazo hiki, watafiti huwataka washiriki waandike hali zao kila siku, kwa majuma au miezi, pengine kwa simu ya mkononi, kisha picha ya ubongo hulinganishwa na mfululizo huo wa majibu. Aliyeyumba sana katika majibu huwekwa upande huu, aliyetulia upande ule, ndipo ubongo wao hulinganishwa.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja. Ni nani aliyeyumba na nani hakuyumba? Mashine haikusema, yamesema majibu. Picha nzima ya "ubongo unaoyumba" imepangwa na maneno yaliyotangulia. Swali likiwa bovu, au tafsiri yake ikiwa ya kubabaisha, picha itakayotoka itakuwa picha ya kosa la tafsiri, imepakwa rangi na kupewa hadhi ya sayansi.

Chukua swali la usingizi, ambalo halikosekani katika hojaji za maradhi haya: je, unalala saa chache kuliko kawaida bila kujihisi umechoka? Kwa karani wa mjini swali hili lina maana moja. Kwa mwanamke anayechuuza omena lina maana nyingine, kwa sababu omena huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, katika usiku wa giza, na uvuvi hupungua mwezi unapopevuka. Usingizi wa mwanamke huyo hufuata mwezi. Anayemhesabia majibu bila kulijua hilo ataona mawimbi mazuri ya kupanda na kushuka kila mwezi, na huenda akamwingiza katika kundi la wagonjwa.

Wapo watakaosema kwamba hofu hii imetiwa chumvi. Historia ya nchi hii inawajibu. Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, iliyoanza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, ilikuwa chini ya Mwingereza J. C. Carothers kuanzia mwaka 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Kabla yake, mwaka 1934, F. W. Vint alikwisha kuchapisha vipimo vya bongo za Wakenya waliofia hospitalini, na vipimo hivyo vikatumiwa na waliotaka kuthibitisha kwamba Mwafrika hafundishiki. Carothers alidai pia kwamba huzuni ya kiugonjwa ilikuwa nadra kwa Waafrika. Inawezekana vipi? Jibu moja ni ubaguzi, na ubaguzi ulikuwapo tele. Jibu la pili ni la lugha: daktari aliyetegemea mkalimani, na ambaye alitarajia huzuni ijitangaze kwa maneno ya Kiingereza, hakuisikia ilipotangazwa kwa maneno ya moyo, tumbo na mgongo. Hakuisikia, akaandika kwamba haiko, kisha akaitafutia sababu katika ubongo. Mpangilio huo wa hatua unapaswa kumtia wasiwasi kila anayeshangilia picha za leo.

Haifuati kwamba mashine zikataliwe. Msimamo wa kuziita mambo ya Wazungu ni wa kivivu, na umekwisha kukanushwa na vitendo. Mwaka 2008 mashine ya MRI ilifungwa katika hospitali kuu ya Blantyre nchini Malawi, na kwa kuitumia watafiti walionyesha, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015, kwamba watoto wanaofariki kwa malaria ya ubongo wengi wao huuawa na kuvimba kwa ubongo. Kwa ukanda wa ziwa, ambako malaria haijakoma kuzika watoto, hilo si jambo dogo. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Mbarara nchini Uganda, Johnes Obungoloch na wenzake waliunganisha hapohapo chuoni mashine ya MRI ya sumaku hafifu, ya gharama ndogo kuliko zile kubwa. Siku yaja ambapo chombo kama hicho kitafika Kisumu. Swali ni kama siku hiyo kutakuwa na hojaji ya kukiandamana.

Kwa sasa hali haipendezi. Kwa huzuni, Kiswahili ni tajiri hata cha kukanganya: kuna majonzi, simanzi, jitimai, ukiwa, unyong'onyevu. Tanzania wataalamu wengi wamechukua neno sonona. Kenya aghalabu husikika mfadhaiko, na mitaani msongo wa mawazo, ambao hulitaja deni la kodi ya nyumba na ugonjwa wa kufisha kwa pumzi moja. Hata hivyo angalau mjadala upo. Kwa ncha ile nyingine, ya mhemko, lugha imeachwa yatima. Kuchangamka ni sifa; hakuna mama anayempeleka mwanawe hospitali kwa kuchangamka. Kupagawa kulikuwa neno la pepo, na leo hutumiwa kwa mashabiki wa kandanda. Kupandwa na mori ni hasira. Kuchachawa kunakaribia, lakini vijana wangapi wa Kisumu wanalijua? Hatimaye hubaki wazimu na kichaa, maneno yanayomfunga mtu maisha yake yote, ilhali ugonjwa huu huja na kuondoka. Mtu wa Kidholuo akishaitwa janeko, hakuna siku anayorudishiwa jina lake la zamani kwa sababu amekaa miaka miwili akiwa mzima. Na hapana jina moja la ugonjwa wenyewe linalotumiwa kwa mkabala katika pwani, bara na visiwani. Kila mfasiri huunda lake, na anayemfuata huunda jingine.

Lipo pia suala la makao ya hisia. Kiswahili huziweka moyoni: moyo hupondeka, huingia ubaridi, huwa mzito. Kidholuo huziweka katika chuny, neno linalotaja ini na pia nafsi. Hakuna kati ya lugha hizi inayoweka huzuni kichwani. Mgonjwa anayeambiwa kwamba chuny yake inauma kwa sababu ya ubongo anaombwa avuke daraja refu, na mara nyingi hakuna aliyemshika mkono. Hili si dosari ya lugha. Kiingereza nacho husema habari za moyo uliovunjika, na madaktari wake hawakosi usingizi. Ila Kiingereza kimekuwa na muda wa kujenga daraja hilo.

Hapa wanafasihi nao hawana budi kuguswa kidogo. Katika uhakiki wa vyuoni mhusika mwendawazimu amekuwa karibu kila mara msema kweli, ishara ya jamii iliyooza, sauti ya mwandishi. Kazimoto wa Euphrase Kezilahabi, katika Kichwamaji ya mwaka 1974, kazi ya mwandishi aliyezaliwa Ukerewe katika ziwa hilihili, husomwa kwa falsafa ya udhanaishi hadi kifo chake kwa mkono wake mwenyewe kinakuwa hoja tu. Si haki kumpima mhusika kama mgonjwa wa hospitali, na makala haya hayapendekezi hivyo. Lakini msomaji aliyezoea kuuona wazimu kama sitiari peke yake atamtazama mchuuzi wa Kibuye akigawa nguo zake bure na kusema, labda, kwamba anaukosoa ubepari.

Kazi iliyopo ni ya kawaida, tena inawafaa wanafunzi wa shahada ya kwanza na ya uzamili. TUKI ilichapisha Kamusi ya Tiba mwaka 2003, ishara kwamba istilahi za afya zinaweza kushughulikiwa na wanaisimu bila kusubiri kuombwa. Hojaji ya huzuni ijulikanayo kama PHQ-9 ilipimwa uhalali wake magharibi mwa Kenya, miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Ni kielelezo cha namna daktari na mwanalugha wanavyoweza kushirikiana. Kwa mhemko na kuyumba kwa hisia, kazi ya namna hiyo ianzie sokoni. Wanafunzi wawili, mmoja mjuzi wa Kidholuo, wakae Kibuye Jumapili kumi, wakiwa na daktari wa akili aliyewaelekeza na kibali cha maadili ya utafiti mkononi, wawaulize wauza mitumba, wapiga randa na wauza omena: mtu asiyelala siku tisa, anayegawa mali, anayesema haraka kuliko anavyofikiri, huitwaje hapa? Akitulia huitwaje? Nani humwona kwanza, na huanza kwa kuona nini? Majibu yaandikwe jinsi yalivyotamkwa, pamoja na tarehe ya mwezi mwandamo kwa ajili ya wauza omena.